Sajini wa Mto Kochi

Watu wengine hupumzika kwa kulala. Sajini alipumzika kwa kutuamrisha.

Kila Jumamosi ya msimu wa mvua, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa, alipita nyuma ya nyumba zetu pale Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, akigonga debe tupu. "Amka! Amka! Ndege hapana ngoja mutu!" Nasi tuliamka. Mimi na mume wangu Alfredi, mwuguzi mmoja wa zahanati aliyekuwa akicheka kabla hata hajaambiwa kitu, jirani yetu muuza mandazi, na mke wa Sajini mwenyewe, Mama Halima, ambaye kila safari alibeba birika na malalamiko.

"Wanawake wengine wanagombana na mke mwenza," Mama Halima alikuwa akisema njiani. "Mimi nagombana na kunguru."

Matembezi yenyewe yalikuwa ya nusu siku tu. Tulisukuma baiskeli hadi mtoni Kochi, tukakaa kimya kwenye majani kutazama ndege, tukanywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha uliopakwa simsim, yaani ufuta wa kusaga, kisha tukapanda chelezo na kuuachia mto utuchukue taratibu mpaka kwenye kivuko cha miguu, ambako tulishuka na kurudi nyumbani. Sajini hakukubali kuzidisha. Adhuhuri ilipaswa kumkuta msikitini, nasi ilitukuta tukianika nguo.

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuanza hadithi huko. Nilijua kwamba alikuwa jeshini katika kikosi cha wale wanaojenga madaraja na vivuko. Nilijua kwamba serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, alikimbilia Sudan kama watu wengi wa kwetu walivyokimbia, wengine huko, wengine Zaire. Na nilijua alirudi na vitu vitatu alivyovijali: mkewe, baiskeli, na darubini ya jeshi ambayo upande mmoja haukuona kitu.

"Hii jicho ilistaafu mbele yangu," alikuwa akisema, akiipangusa kwa ncha ya kanzu.

Ungedhani mtu mwenye darubini anajua ndege. Hakuwajua. Aliwapa majina kwa kadiri walivyompendeza. Kulasitara, yule ndege mrefu wa kijivu anayesimama majini kwa mguu mmoja, alimwita Lindo, kwa sababu hasinzii. Mdiria anayetumbukia kichwa chini kuvua samaki alimwita Kuruta, kwa sababu anaruka kabla hajafikiri. Yangeyange weupe wanaofuata ng'ombe walikuwa Makarani. Siku moja mwuguzi alimwambia kwamba yule si Kuruta, Kuruta wa wiki iliyopita alikuwa wa buluu na huyu ni mweusi kwa mweupe. Sajini alimtazama, akatazama ndege.

"Amebadilisha sare," akasema.

Ila kulikuwa na ndege mmoja ambaye hakumpa jina la utani. Ni kerem, wale wekundu kama pilipili, wanaochimba matundu kwenye ukingo wa mto na kukaa humo kwa mamia. Tulipofika mahali pao alishusha darubini na kuwatazama kwa macho matupu. Ukingo mzima ulikuwa umejaa matundu, na kutoka kila tundu kichwa kilichomoza, kikaingia, kikachomoza. Tulikuwa tunasahau hata mbu.

"Angalia," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mutu iko na mlango wake. Na hakuna anayekosea."

Alikuwa na tabia zilizopingana, na hakuona aibu kuzibeba zote. Alitukataza tusitupe hata ganda la muhogo mtoni, lakini alitega kanga kwenye shamba lake na kuwala kwa furaha. Nilipomuuliza vipi mpenzi wa ndege anawala ndege, alijibu bila kusita, "Iko ndege ya macho, na iko ndege ya sufuria. Mungu mwenyewe amepanga." Alikuwa mkali sana kuhusu saa, lakini hakuwa na saa. Mwiko mkubwa kwake ulikuwa kusema maneno ya vita. Mtu akianza tu, "Zamani zile za jeshi…", Sajini alikuwa amekwisha kuinuka kukagua kamba. Na hata hivyo, kila neno alilosema lilikuwa na vumbi la kambi. Watoto wa mtaa alikuwa hawaambii "njooni", aliwaambia "jipange". Mama Halima alisema hata akiota anapiga saluti.

Kitu tulichokicheka zaidi kilikuwa chelezo chake.

Kwa watu wachache kama sisi, magogo machache ya migomba yangetosha. Vijana wa huko mtoni walivuka kwa mipira miwili ya magurudumu iliyofungwa pamoja. Chelezo cha Sajini kilikuwa kama uwanja. Alikusanya mipira ya ndani ya matairi ya lori kutoka kwa kila fundi wa Koboko na Arua, akaiziba, akaijaza pumzi, akaifunga chini ya mianzi safu kwa safu, na juu yake akatandika mikeka. Kilibebwa kwa vipande na kufungwa upya mtoni, kazi iliyotuchosha kabla safari haijaanza. Kilikwama kwenye matete. Kilikataa kukata kona. Mto Kochi si mto mkubwa, na kuna mahali tulikuwa tunagusa kingo zote mbili kwa wakati mmoja.

"Sajini," Alfredi alimwambia siku moja, tukiwa tumekwama tena, "hiki kitu kingebeba ukoo mzima na mbuzi wao."

"Ndiyo," Sajini akajibu.

"Lakini sisi ni wachache."

"Leo nyinyi ni wachache."

Tukacheka. Yeye alichukua mti mrefu, akasukuma, na chelezo kikazunguka polepole kama ng'ombe aliyeshiba.

Nakumbuka Jumamosi moja hasa, mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani siku iliyotangulia. Mto ulikuwa umejaa na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliwatazama kerem, tukanywa chai, na Sajini akatuamuru kupanda. Tulipanda. Alifungua kamba. Chelezo kilishika mkondo kwa nguvu ambayo hatukuizoea, na tulikuwa tumeanza kushangilia, wakati muuza mandazi aliposema, "Jamani, Alfredi yuko wapi?"

Alfredi alikuwa amekwenda kichakani kujisaidia. Tulimwona akitoka, anafunga mkanda, anatupungia mkono. Wala hakuwa na wasiwasi. Njia ya miguu ilifuata mto mpaka kivukoni, na mtu akitembea vizuri angefika kabla yetu.

"Pita huko juu!" nilimpigia kelele nikicheka. "Tutakutana kivukoni!"

"Sawa!" akajibu. "Nitawapikia chai nyingine!"

Nilipogeuka, Sajini hakuwa juu ya chelezo. Alikuwa ndani ya maji, na kanzu yake, yenye kalamu mfukoni, imeelea kumzunguka. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, anapiga miguu kuelekea ukingo, na mkondo unamvuta yeye na sisi pamoja.

"Sajini, acha!" mwuguzi akapiga kelele. "Atatembea! Ukingo ni mkavu, atatembea!"

"Hapana acha mutu!" Sauti yake haikuwa ile ya kutuamsha asubuhi. Ilipasuka. "Hapana acha mutu ng'ambo! Vuta! Nyinyi vuta!"

Hakukuwa na kitu cha kuvuta. Kamba ilikaza, chelezo kikageuka ubavu, maji yakapanda juu ya mikeka. Sufuria yangu ilikwenda. Muuza mandazi aliteleza, nikamshika nguo. Mianzi ya upande mmoja ilikatika kwa mlio, mipira miwili ikachomoka na kukimbia na mto. Sajini alipotea chini ya maji, akatokea, akapotea tena. Alfredi alikimbia kando ya mto, akajitupa ndani mpaka kifuani, akamshika mkono. Wakavutana mpaka wakashika mizizi. Nasi, kwa bahati, chelezo kilichobaki kilijibamiza kwenye matete ya upande uleule, tukatoka mmoja mmoja tukiwa tumeloa.

Nilidhani Sajini angeona haya, au angetugombeza kwa kumwacha mwenzetu. Alikaa kwenye tope, anatetemeka, amemshika Alfredi kifundo cha mkono. Alfredi alijaribu kumtania. "Mzee, mimi ningefika mbele yenu, wallahi." Sajini hakumwachia.

"Zamu ya pili," alisema, meno yakigongana, "iko kwa lindo. Iko kwa chakula. Kwa mto hakuna zamu ya pili. Wewe nasikia? Hakuna."

"Nimesikia, mzee."

"Sema."

"Hakuna zamu ya pili."

Hapo ndipo alipomwachia.

Wanaume walibaki kuokoa mianzi. Mama Halima alikuwa anakamua kanga yake kando, na nilipokwenda kumsaidia aliniambia bila mimi kuuliza. Nadhani alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake.

"Dada, usimwone mwendawazimu," alisema. "Alikuwa na mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja. Siku ile tuliyokimbia, mto Kaya ulikuwa umejaa kuliko huu. Daraja watu wameliogopa, kwa sababu ya askari waliokuwa wanatufuata. Mume wangu alifunga chelezo cha mapipa, kidogo tu, akawa anavusha watu kwenda Sudan. Watoto, wazee, wanawake. Mimi mwenyewe nilivuka hivyo. Zamu iliyokuja kuwa ya mwisho mdogo wake akapanda, na maji yakaingia. Mume wangu akahesabu vichwa. Akamwambia, shuka, ngoja zamu ya pili."

"Akakataa?"

"Angekataa ingekuwa nafuu. Alishuka. Alimheshimu sana kaka yake. Alishuka anacheka, akasukuma chelezo kwa mguu ili kipate mwendo. Walikuwa katikati ya mto, bunduki zikaanza upande ule. Sisi ng'ambo tulimkamata mume wangu asirudi, wanaume wamemlalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Alipokuja kurudi, alikuta nyasi zimelala. Hakuna mtu. Wakatuambia waliobaki wote waliuawa. Tukasoma hitima hukohuko Sudan, bila maiti."

Alikunja kanga, akaijaza maji tena pasipo sababu, akaikamua tena.

"Kama asingemshusha," nikasema, "si wangezama wote?"

"Hivyo ndivyo ninavyomwambia miaka yote. Anasema ndiyo. Kisha anakwenda kutafuta mipira mingine."

Baada ya siku ile hatukucheka tena chelezo kilipokwama. Tulishuka, tukasukuma. Sajini hakulitaja jambo lile hata mara moja, ila kabla ya kufungua kamba alisimama na kumtazama kila mmoja wetu usoni. Alituambia sisi ni wavivu, kwamba birika haikusuguliwa vizuri, kwamba Makarani wamechelewa kazini. Nikajua kwamba yupo salama.

Jumamosi zile ziliisha kama zinavyoisha mambo mengi ya kwetu, bila mtu kuaga. Barabara zikaanza kuwa mbaya, watu wenye silaha wakawa wanaonekana vichakani, na mtoni hakukuendeka tena. Nikawaza: mwaka huu tumekosa, mwakani tutakwenda. Mwuguzi akahamishwa. Mimi na Alfredi tukarudi kwetu Aroi, karibu na Arua, kulima na kushona. Tulipokuwa tunaondoka Sajini alisimama mlangoni kwake na debe lake, akasema tu, "Nyinyi natoroka jeshi." Nilikusudia kurudi kumsalimia. Nilipopata nafasi, jirani aliniambia Sajini na Mama Halima wamehama ghafla, wamekwenda upande wa Arua, na hakuna aliyejua ni kijiji gani. Niliuliza mara kadhaa, kisha nikaacha kuuliza.

Siku hizo nilikuwa nazunguka masokoni na cherehani, na soko la Adumi lilikuwa zuri kwangu, kwa sababu watu wa Zaire walivuka mpaka kuja kuuza na wakaondoka na nguo. Nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano, nikasikia mtu ananiambia, "Fundi, hii unaweza kupunguza?"

Koti jeusi liliwekwa juu ya meza. Niliinua macho. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe, na badala ya darubini shingoni alikuwa na tasbihi.

"Sajini!"

Alinitazama. Kisha akasimama wima, visigino pamoja. "Mtoro," akasema.

Nilimpa kiti, nikaagiza chai. Aliniuliza habari za Alfredi, za mashamba, za watoto, kwa utaratibu kama anayekagua gwaride. Nikamuuliza habari za Mama Halima. Yuko nyumbani, anagombana na majogoo. Nikamuuliza mbona walihama bila neno.

Alizungusha kikombe.

"Nilikwenda kwa kilio kule Manibe," alisema. "Watu nakaa, nakunywa chai, naongea ya zamani. Mutu moja ya hapa Adumi anasema, kwetu iko mutu ya Koboko, alikaa na sisi, anaogopa mto. Hata kijito ya kuruka kwa mguu, anaogopa. Tunamuuliza kwa nini, anasema kaka yangu alizama kwa Kaya. Alikuwa askari. Alikuwa na chelezo, ikazama na watu."

Nilichomeka sindano yangu kwenye kitambaa.

"Mimi sikulala. Asubuhi nachukua baiskeli, nakuja."

"Ulimkuta?"

"Nilikuta mke wake. Nilikuta watoto. Yeye, walikuwa wamemzika mavuno yaliyopita." Alitikisa kichwa taratibu. "Siku ile alitoka kwa bunduki, akakimbia upande ya Zaire. Huko mutu akamwambia chelezo ilizama, wote wamekufa. Akaamini. Alisoma hitima yangu, Fundi. Mimi nasoma yake Sudan, yeye nasoma yangu Zaire. Halafu akaoa mwanamke ya hapa, akaja kukaa hapa. Mimi niko Koboko. Kwa baiskeli, mutu anatoka asubuhi, anafika."

Karibu nasi mwanamke alikuwa anapima karanga kwa kikopo, anagombana na mteja. Sajini aliwasikiliza mpaka wakapatana.

"Mimi nilikuwa napita hapa karibu," akaendelea. "Nakwenda Arua kutafuta mipira. Kila mara. Napita."

"Mzee, hukuweza kujua."

"Ndiyo," alisema, kama Mama Halima alivyoniambia anavyosema siku zote.

Nikamuuliza kama bado anakwenda kutazama ndege. Alisema hapa kuna kijito, na ndege wapo, ila watoto wa marehemu hawapendi maji, baba yao aliwafundisha kuyaogopa. Anakaa nao nyumbani. Anawafundisha kujipanga. Mdogo kuliko wote anacheka kama baba yake, na wakati mwingine Sajini inambidi atoke nje kidogo.

Kisha akanisogezea koti.

"Mke wake alinipa. Anasema kaka wa marehemu lazima avae. Lakini mimi naenda msikitini, mikono inaingia kwa maji ya udhu."

Nikamwambia asimame nimpime. Akavaa. Koti lilikuwa zuri, kitambaa kizito, kiwiko kimoja kimeshonwa kwa mkono wa mtu mwangalifu. Mabegani lilimkaa sawa, kwa sababu walikuwa baba mmoja, mama mmoja. Mikono ilimfunika mpaka kwenye ncha za vidole.

"Alikuwa mrefu," nikasema.

"Mdogo, lakini mrefu. Alinipita akiwa bado shule."

Nikashika chaki, nikatia alama juu kidogo ya kifundo. Nikachukua mkasi. Nilikuwa nimekwisha kukishika kitambaa, na makali yamefunguka, aliponiwekea mkono wake juu ya wangu, mkono ambao haukuonekana ndani ya ile sufu nyeusi.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Usikate," akasema. "Pindisha tu."